Mchagua Randa

Waswahili wana methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara niliifafanua kama mwongozo wa mwalimu ulivyotaka: kwamba mvivu ndiye anayekaa kibarazani akilinganisha makali na mipini, ilhali mwenzake amekwisha kumaliza ngwe mbili. Watoto waliiandika katika madaftari yao, nami niliwapigia alama ya vema. Leo nimestaafu ualimu mkuu, umri umepita miaka sabini, na nataka kuisahihisha ile alama. Methali yenyewe haina kosa. Iliumbwa kwa ajili ya jembe, na jembe halizunguki mara 16,000 kwa dakika.

Chombo ninachokusudia kukihakiki hapa ni randa ya umeme ya kushika mkononi. Najua wasomaji wangu wamenizoea nikihakiki vitabu, na huenda wakashangaa kumwona mzee wa sarufi akiingia karakana. Lakini kuhakiki ni kuuliza kitu kimekusudia nini, kimetimiza nini, na kinamfanya nini mtu anayekaa nacho. Maswali hayo yanaufaa ushairi, nayo yanaifaa randa.

Neno lenyewe limesafiri. Waajemi huita chombo hiki "rande", Wahindi "randa", nasi wa pwani na bara tumelipokea kwa njia ile ile ya bahari iliyotuletea vitu vingi. Kwa karne nyingi randa ilikuwa kipande cha mti au chuma chenye kisu kimoja, na injini yake ilikuwa mabega ya fundi. Mwaka 1958 kampuni ya Makita ya Japani, ambayo ilikuwa imeanza mwaka 1915 kwa kuuza na kutengeneza mota, ilitoa randa ya umeme ya kubebeka, ya kwanza kuuzwa katika nchi hiyo. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana: mota, mkanda, rola lenye visu viwili, na chini yake mabamba mawili ya chuma ambayo mimi nitayaita nyayo, wayo wa mbele na wayo wa nyuma. Upana wa kawaida ni milimita 82.

Nimelazimika kuandika haya kwa sababu ya mlango wangu. Nyumba yangu hapa Songea niliijenga mwaka 1979, na milango yake ni ya mninga. Aliyeitengeneza alikuwa fundi aliyejifunza kazi Peramiho, kwa Wabenediktini, ambao misheni yao ilianza mwaka 1898. Alitumia randa ya mkono tu, na milango ile imesimama mpaka leo. Lakini madirisha nilikuja kuyabadili baadaye kwa mbao za misindano, kwa kuwa mninga ulikuwa umepanda bei, na hayo ndiyo yamechakaa. Mwezi Machi, mvua ikiwa bado imetushika, mlango wa sebule nao ukaanza kugoma. Mjukuu wangu alikuwa akiusukuma kwa bega.

Nikamwita kijana mmoja wa mtaani, fundi seremala aliyemaliza chuo cha ufundi miaka miwili iliyopita. Akaja, akaniamkia, akautazama mlango, kisha akakaa.

"Mwalimu," akasema, "kazi hii ya mlango na madirisha yote nitaifanya. Ila sina randa ya umeme. Nimeona mbili dukani. Moja ina wati 1,050, fedha yake ninayo. Nyingine ina wati 580 tu, na bei yake karibu mara mbili. Nanunua ile yenye nguvu. Naomba tu unipe malipo ya awali ninunue na mbao."

Nikamwambia asinunue chochote mpaka tuende wote. Akanitazama kwa adabu, lakini nilisoma usoni pake methali ile ile niliyomfundisha baba yake.

Tuanze na hizo wati. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kasha ni nguvu ambayo mashine inakula kutoka ukutani, wala si nguvu inayofika kwenye kisu. Mtu mlafi si lazima awe mchapakazi. Mota iliyotengenezwa vizuri yenye wati 580, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta kiasi cha ampea mbili na nusu, na hiyo yatosha kabisa kwa kupunguza ukingo wa mlango. Ile ya wati 1,050 itavuta karibu mara mbili, na fundi wetu anayefanya kazi uani kwa ekstensheni ndefu ya waya mwembamba atakuta volti zinashuka njiani, mota inapata joto na kulalamika. Nguvu aliyoinunua inaishia kwenye waya.

Jambo la pili ni kina. Kasha la mashine ya bei nafuu lilijisifu kwamba hukata milimita 3 kwa mpigo mmoja. Makita 1900B, ambayo ndiyo ile ya wati 580, hukata milimita 1 tu. Makita nyingine, KP0800, ina wati 620 na hufika milimita 2.5. Mnunuzi huona 3 ni kubwa kuliko 1, naye hakukosea hesabu. Amekosea swali. Kwa anayejenga upya paa au kuchonga maboriti, milimita 3 zina maana. Kwa anayekarabati nyumba ya zamani, ni nadra kuhitaji zaidi ya milimita 1 kwa mara moja, na mara nyingi huhitaji nusu yake. Mninga uliokauka miaka arobaini, ukiukata milimita 3 kwa pupa, nyuzi zake hung'oka na kuacha mashimo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbao iliyokwisha kuwa maranda haigandishwi tena. Kwa hiyo nilimtaka kijana aangalie ule mwisho mwingine wa kipimo, yaani mashine inaweza kukata kidogo kiasi gani, na je, kirungu cha mbele kinachopima kina hukaa pale kilipowekwa au hulegea kwa mtikisiko?

La tatu ni nyayo, na hapa ndipo hukumu yangu ilipoanza kuwa nzito. Wayo wa mbele hupanda na kushuka kuamua kina. Wayo wa nyuma haubadiliki, na visu lazima viwe sawasawa nao. Visu vikiwa juu kidogo kuliko wayo wa nyuma, randa hufukua shimo mwishoni mwa ubao. Vikiwa chini yake, randa hupanda taratibu na kuacha kukata. Ubora wote wa chombo hiki uko katika usawa huo, nao hauandikwi kwenye kasha. Nilikuwa nimechukua rula yangu ya chuma, ile niliyotumia kuchorea majedwali ya mahudhurio. Tukailaza chini ya randa ya kwanza, tukaiinua kuelekea mlango wa duka. Mwanga ulipita katikati ya wayo wa nyuma kama unavyopita chini ya mlango uliopinda. Tukailaza chini ya ya pili. Giza.

Kijana hakusema kitu. Mwenye duka alisema kuwa sisi ndio wateja wa kwanza kuja na rula.

La nne ni visu. Viko vya aina mbili: vya chuma kigumu ambavyo fundi anaweza kuvinoa mwenyewe kwa jiwe, na vidogo vya kabaidi, vyenye makali pande zote mbili, ambavyo hunolewi, upande mmoja ukiisha unageuza wa pili, ukiisha na huo unatupa. Kabaidi hudumu sana katika mbao ngumu, na kukifunga ni rahisi kwa kuwa hukaa mahali pake pasipo kupima. Ila hakipendi msumari. Chuma hupata pengo, kabaidi humeguka. Nyumba ya zamani imejaa misumari iliyozamishwa na kufunikwa kwa rangi. Ushauri wangu kwa mkarabati ni apitishe sumaku juu ya ubao kabla ya randa, na achague aina ya kisu ambacho ana hakika ya kukipata tena hapa hapa mjini. Ulizia bei ya visu, ya mkanda na ya kaboni za mota kabla hujauliza bei ya mashine. Tulipouliza vya ile ya wati 1,050, mwenye duka alijibu kwa uaminifu kwamba mashine huja peke yake. Ikifa, watu hununua nyingine.

Kisha kuna suala la mwendo, ambalo ni la mtumiaji zaidi kuliko la chombo, lakini chombo kizuri hulisamehe. Rola likizunguka mara 16,000 kwa dakika na kubeba visu viwili, ubao unapigwa mara 32,000 kwa dakika. Fundi akisukuma taratibu, mita 4 kwa dakika, kila pigo linachukua sehemu moja ya nane ya milimita, na uso unatoka laini. Akikimbia mita 12 kwa dakika, hatua inakuwa mara tatu, na rangi ya vanishi itakapopakwa, jua la jioni litaonyesha mawimbi kama ya ziwa. Hesabu hii ningependa ingekuwa katika kitabu cha darasa la sita.

Sasa nifike kwenye jambo la tano, tundu la kutolea maranda, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka ya 1990 shule niliyokuwa nikiiongoza ilikuwa na kituo cha ufundi stadi, vile vituo vilivyopokea watoto waliomaliza darasa la saba wakajifunza useremala na uashi. Tulikuwa tumeuza madawati na kupata fedha kidogo. Nikaamua tununue randa ya umeme. Nilipata bei za maduka matatu, nikachukua ile yenye wati nyingi kwa bei ndogo, nikaandika taarifa nzuri kwa kamati ya shule, nikapongezwa. Sikuigeuza mashine juu chini hata mara moja.

Tundu lake la maranda lilikuwa dogo. Mbao zetu zilikuwa za misindano na mikaratusi, nyingi zikiwa bado na unyevu, na kila baada ya mipigo michache tundu lilijaa. Vijana walilizibua kwa kidole. Mwanzoni walikuwa wakichomoa plagi. Baadaye, kwa kuwa kazi ilikuwa ikisimama mara kumi kwa saa, walizima swichi tu. Mwalimu wa ufundi aliwakemea, nami nilimsikia akiwakemea, nikapita zangu. Swichi yenyewe ilikuwa na kitufe cha kuifungia ili kidole kisichoke, nao waliipenda.

Songea wakati ule haikuwa katika gridi ya Taifa. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na hali hiyo iliendelea mpaka laini ya kutoka Makambako ilipotufikia mwaka 2018. Umeme ulikatika bila kuaga na kurudi bila hodi. Asubuhi moja ulikatika kijana mmoja akiwa katikati ya ubao. Randa ilinyamaza, swichi ikiwa imefungwa. Akaona ni nafasi nzuri ya kuzibua tundu. Umeme ukarudi.

Alipoteza ncha ya kidole cha shahada na nusu ya kile cha kati. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Katika taarifa niliandika "uzembe wa mwanafunzi", na kwa miaka mingi niliamini hivyo. Leo ni mkulima, ana familia, na tukikutana sokoni hunipa mkono ule ule. Hajanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana kazi hiyo imebaki kwangu.

Niliposomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa yale anayorudia, wala si kwa yale anayoambiwa. Sikuwahi kuitumia kanuni hiyo kwa kitu kisicho na pumzi. Ile randa ilikuwa mwalimu katika kituo changu. Ilifundisha kila siku, kwa saa nyingi kuliko mimi, na somo lake lilikuwa: tia kidole. Mwalimu wa ufundi alisema kinyume mara moja kwa wiki. Nani angeshinda? Laiti ningekuwa nimemwajiri mwalimu mwenye tabia ya namna hiyo, mkaguzi angeniuliza nilimchagua kwa vigezo gani, nami ningelazimika kujibu kwamba alikuwa na nguvu na mshahara wake ulikuwa mdogo.

Basi hicho ndicho kigezo changu cha kuhakiki chombo, na vingine vyote nilivyovitaja ni matawi yake. Wayo uliopinda humfundisha fundi kukandamiza. Kina kikubwa humfundisha pupa. Kisu kisichopatikana humfundisha kufanya kazi na kisu butu. Tundu finyu humfundisha kutia kidole. Unaponunua randa, unamnunulia mkono wako tabia. Randa yenye tundu pana, ambayo maranda hutoka yakiruka pembeni na kuingia mfukoni, haikupi sababu ya kuizoea hatari. Zipo pia zenye mguu mdogo nyuma unaoshuka zenyewe ukiiweka chini, ili visu, ambavyo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzima, visiguse meza. Vitu hivi ndivyo unavyovilipia katika ile bei ya pili. Hata hivyo, hakuna mashine inayoondoa wajibu: usiifunge swichi, na plagi itoke kabla mkono haujaingia. Umeme wa gridi nao hukatika.

Haki inanitaka niseme pia upungufu wa chombo hiki, hata kikiwa bora. Randa ya mkononi haiwezi kuufanya ubao uwe na unene mmoja kutoka ncha hadi ncha. Kwa kazi hiyo peleka mbao kwenye mashine kubwa ya mtaani, ulipe, urudi nazo. Haifiki pembeni kabisa mwa fremu iliyokwisha kujengewa ukutani. Hapo randa ndogo ya mkono na patasi bado ni wafalme. Aidha vumbi lake si la kudharau. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na la mninga linajulikana kwa kuwashambulia wenye pumu. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Usizigeuze unga ukauvuta. Funga pua, fanyia kazi nje, na watoto wakae mbali.

Upungufu mkubwa kuliko wote ni kwamba randa hujibu swali moja tu, nalo ni "niondoe?" Mlango unaogoma mwezi Machi haujawa mkubwa daima. Mbao hunywa unyevu na kupanuka kwa upana, si kwa urefu, kisha kiangazi huirudisha. Anayeukata Machi mpaka ufunguke kwa raha, mwezi Septemba ataona mwanga na mijusi ikipita pembeni. Kijana alipotaka kuanza na mlango wangu, nilimwomba kwanza ashike bisibisi. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Skrubu mbili zilikuwa zikizunguka ndani ya mashimo yao. Akaziba mashimo kwa vijiti vya mbao na gundi, akakaza upya, na mlango ukanyanyuka milimita kadhaa. Bado uligusa kidogo upande wa kitasa. Akapaka chaki pale ulipogusa, akapitisha randa mara moja, nusu ya milimita, akaacha.

"Basi, Mwalimu?" akauliza. "Nimenunua randa yote hii kwa mpigo mmoja?"

Nikamwonyesha madirisha ya misindano, yote kumi na moja. Akacheka, akaenda kuyafanyia kazi. Mpaka Juni yalikuwa yamekwisha, na mlango ulikuwa unafungwa kwa kidole kimoja, wala mwanga haupiti.

Fedha iliyopungua kwa ile randa ya bei ya pili nilimkopesha mimi. Mke wangu aliniuliza tangu lini tumekuwa benki, nami sikumjibu vizuri siku ile. Pengine atalisoma jibu hapa. Kijana huja kila mwisho wa mwezi kunilipa kidogo kidogo. Kabla sijapokea fedha humwomba anyooshe mikono yote miwili mbele yangu. Yeye huona ni utani wa wazee, huicheka, lakini huinyoosha. Nami huvihesabu vidole, taratibu, mpaka kumi.